Tezi za Mbuzi wa Gustave

Gustave alikuwa na ugonjwa mmoja tu duniani, nao ulikuwa ugonjwa wa karatasi. Mtu aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka kule, upande wa Ariwara, akakulia kwenye vizuizi vya barabarani ambako kila mwenye bunduki alidai kuona hati, hawezi kuudharau muhuri. Gustave alizitia karatasi zake zote kwenye fremu. Ukutani mwa bucha lake, hapa Arua mjini, palitundikwa leseni ya kuuza nyama, cheti cha mkaguzi wa mifugo, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, cheti cha ubatizo cha binti yake Sephora, na hata barua ya parokia iliyomwomba, kwa heshima kubwa, aache kuwafunga mbuzi wake kwenye lango la kanisa. Barua ile ilikuwa na muhuri mwekundu. Aliipenda kuliko zote.

Basi Stella Kiden alipomletea karatasi ya shukrani, hakujua analolifanya.

Stella alikuwa binti wa Koboko aliyesoma mpaka macho yakadai miwani, na sasa alifanya utafiti katika maabara ndogo karibu na barabara ya uwanja wa ndege. Miezi mitatu nyuma aliingia buchani na kopo la dawa ya kuhifadhia viungo, akaomba vitu ambavyo hakuna mteja aliyewahi kuviomba: kongosho la mbuzi, vitezi viwili vinavyojificha kwenye mafuta ya figo, na kile kitezi kidogo kama punje ya mahindi kilichokaa chini ya ubongo.

"Hizi vitu tunatupiaka mbwa, mademoiselle," Gustave alimwambia. "Unaenda kupikia nani?"

"Sipiki, Papa Gustave. Ni za utafiti. Utafiti wa kansa."

Gustave akaweka kisu chini. Mkewe, Laetitia, alikuwa amefariki kwa saratani ya titi miaka minne iliyopita, na tangu hapo neno hilo lilipotajwa mbele yake alivua kofia kana kwamba maiti inapita. Hakuuliza swali la pili. Kuanzia siku ile kila mbuzi aliyechinjwa alipasuliwa kichwa kwa uangalifu wa fundi saa, na vile vitezi vikafungwa vizuri kuliko steki ya mkuu wa wilaya. Wateja walisubiri. Walionung'unika waliambiwa wakanunue samaki.

Karatasi ya shukrani iliandikwa kwa Kiingereza. Gustave alijua Kifaransa cha shule ya mapadri, Kiswahili cha soko, Kilingala cha dansi na Kilugbara cha kugombana, lakini Kiingereza kilimpitia mbali. Aliona jina lake limeandikwa bila kosa. Aliona muhuri wa bluu. Aliona picha ya rangi yenye madoa ya kahawia, mfano wa maharage yaliyoungulia kwenye uji. Na aliona neno "cancer", ambalo kwa Kifaransa huandikwa vilevile. Akajumlisha mwenyewe: wamewapima mbuzi wangu kansa, halafu wananishukuru. Hakuna ofisi duniani inayomshukuru mwenye makosa. Kwa hiyo mbuzi wangu ni safi, na serikali imethibitisha.

Fremu aliinunua siku hiyohiyo. Karatasi akaitundika katikati ya ukuta, juu kabisa ya mizani, na barua ya parokia ikahamishiwa pembeni.

Asubuhi ya Jumamosi aliingia Obitre, mwalimu mstaafu wa Kiingereza kutoka Aroi, mzee ambaye hakuweza kupita mbele ya maandishi bila kuyasoma kwa sauti. Alisoma mabango, alisoma maboksi ya sabuni, alisoma migongo ya fulana za watu. Foleni ilikuwa ndefu hadi nje. Obitre akasogeza miwani, akanyoosha shingo.

"Hongera, Gustave. Umepata cheti mpya."

"Soma, mwalimu, soma! Batu basikie!"

Obitre akasoma, na kama ilivyo desturi ya walimu, akatafsiri kila sentensi kwa manufaa ya darasa. Maabara inamshukuru Bwana Gustave. Alitoa tezi za mbuzi ishirini na mbili. Watu wakaitikia kwa miguno ya heshima, na Gustave akatikisa kichwa kama bwana harusi. "Na hapa wanasema," Obitre akaendelea, sauti ikianza kupungua kasi, "wanasema kwamba protini ya kansa... ile inaitwa kipokezi... ilipatikana kwa mbuzi... yote."

"Yote," Gustave akarudia kwa fahari, maana bado hakuwa ameelewa.

"Yote ishirini na mbili," Obitre akasema, akarudisha mfuko wake mtupu kwapani.

Foleni ile iliyeyuka kimyakimya. Hakuna aliyepiga kelele wala kutukana. Watu walikumbuka tu, mmoja baada ya mwingine, kwamba walikuwa wameacha kitu jikoni. Mama mmoja aliyekuwa ameshafungiwa mbavu alizirudisha mezani taratibu, akazisukuma mbali kwa kidole kimoja. Kijana wa nyuma alikuwa amekwisha kuipiga picha fremu kwa simu. Saa tano picha ilikuwa Manibe. Saa sita ilikuwa Koboko.

Gustave alibaki peke yake na nyama yake. Na sasa lazima niseme jambo lililompata pale, kwa sababu watu walidhani analia biashara.

Ndani ya bucha palining'inia maini ya mbuzi wa asubuhi, mazuri, yanang'aa. Tangu mwaka aliooa, maini ya mbuzi wa kwanza yalikuwa ya Laetitia. Hayakuuzwa. Padri aliwahi kuyaomba akanyimwa. Gustave aliyafunga kwenye jani la mgomba na kuyapeleka nyumbani mwenyewe, kila siku ya kuchinja, miaka ishirini mizima. Na soko zima lilijua, na wake za watu waliwatolea waume zao mfano huo. Sasa aliyatazama maini, akaitazama fremu. Ni mimi, alijisemea. Nilimlisha mimi, kwa mkono huu. Wazo lile likamkaa kifuani na halikutoka tena. Mchana huo Sephora alipomletea chakula, Gustave alikula ugali mkavu. Nyama aliisukuma pembeni.

Jioni simu ikaita. Alikuwa Mzee Lado wa Lobule, huko Koboko, sajini mstaafu wa jeshi, ambaye mwanawe Lemi alikuwa amchumbie Sephora rasmi wiki mbili zijazo.

"Baba Sephora! Sisi iko tayari. Ile Jumamosi tunakuja, watu kumi na mbili. Hapana badilisha siku."

"Aksanti, Mzee. Aksanti sana."

"Lakini chakula tutabeba ya kwetu. Sufuria, sahani, yote. Wewe hapana sumbuka kupika."

Gustave akakaa chini palepale, juu ya gogo la kukatia nyama. Maneno yale yalisemwa kwa adabu, lakini maana yake hata mtoto wa pande hizi anaijua: mkwe anayekuja na sufuria yake amekwisha kukataa jiko, na ukikataa jiko la nyumba, huchukui binti wa nyumba hiyo. Ataketi, atapongeza mapazia, atarudi kwao, na habari imekwisha.

Sephora alipoambiwa hakulia. Alifundisha watoto wa chekechea, na watu wa kazi hiyo hawana muda wa kulia. Alikwenda moja kwa moja maabara, akamshika Stella kwenye mkono wa koti jeupe, akamvuta njia nzima hadi buchani, na kumsimamisha chini ya fremu.

"Eleza," alisema.

Stella aliitazama karatasi yake imetundikwa juu ya mizani ya nyama, akafunika uso kwa viganja.

"Papa Gustave, mbuzi zako ni mzima kabisa! Ndiyo sababu nilizichukua. Nilikuwa natafuta zile hazina ugonjwa."

"Na hii kitu ya kansa iko ndani inafanya nini?"

"Inakaa. Ni kwake. Seli ya kutengeneza homoni ikiwa nzima iko nayo. Mbuzi yako, mbuzi ya Aroi, mbuzi ya Koboko, yote."

Gustave alitaka kuuliza lile lililomkaa kifuani. Mdomo aliufungua. Lakini aliogopa jibu, na mtu akiogopa jibu huuliza swali lingine.

"Hata mbuzi ya Mzee Lado?"

"Hata ya Mzee Lado."

"Basi twende tumuonyeshe!" akasema Sephora.

Wakaenda Lobule Jumatatu, watatu hao na kopo lao. Mzee Lado aliwapokea amesimama wima mbele ya nyumba, kifua mbele, kana kwamba wamekuja kukagua gwaride. Kando yake, kwenye kiti, alikaa dada yake mkubwa, Hajati Rehemah. Ukoo huo ulikuwa nusu msikitini na nusu kanisani, kama koo nyingi za huko, na pande zote mbili zilimwogopa Rehemah kwa usawa. Lado aliongea, Rehemah aliamua.

Lado aliyasikiliza maneno ya Stella, kisha akacheka kicheko cha dharau ya wazi. "Mbuzi yangu iko na kansa? Mbuzi ya Lobule? Wewe mutoto, ngoja." Akapiga mluzi. Akaja beberu mmoja mkubwa, ndevu hadi magotini, anatembea kama anayedaiwa saluti. "Huyu jina lake Meja. Miaka nne, hapana kohoa hata siku moja. Pima huyu! Ukikuta kitu, mimi nakula kwa Gustave mpaka anifukuze. Usipokuta, sufuria yangu inakuja Arua."

"Mzee, kupima lazima achinjwe," Stella akasema polepole. "Tezi iko chini ya ubongo."

Lado hakuwa amelitazamia hilo. Alimtazama Meja, Meja akamtazama. Lakini askari hawezi kurudi nyuma mbele ya wakwe, na Rehemah alikuwa amekwisha kuagiza kisu na maji.

Meja akachinjwa kwa taratibu zote, apate kuliwa na kila mtu. Gustave akamchuna na kumpasua, Stella akatoa tezi zake na kuzitia koponi. Na nyama, kwa kuwa nyama ya mbuzi haisubiri maabara, ikapikwa. Ukoo mzima ulikula. Majirani walikula. Lado alikula paja kwa huzuni ya mfiwa na hamu ya mzima, akimsukumia Gustave vipande: "Kula, Baba Sephora! Hii ndiyo nyama inaitwa safi!" Gustave akasingizia tumbo. Rehemah, ambaye macho yake hayakuwa na cha kufanya isipokuwa kuona, aliona, akaliweka moyoni.

Kazi ya maabara huchukua siku zake. Kipande cha tezi hukaushwa, huzamishwa kwenye nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, huwekwa kwenye kioo na kutiwa dawa ambayo hugeuka kahawia pale tu inapokutana na ile protini. Stella aliifanya kazi hiyo kwa makini kuliko ya mtihani. Wakati huo bucha la Gustave lilikaa tupu. Wateja walipita upande wa pili wa barabara wakisalimu kwa mbali, kama watu wanaoaga basi. Gustave hakushusha fremu. Sephora alipomwuliza kwa nini, alijibu kwamba karatasi yenye muhuri haishushwi, hata ikikushtaki.

Ikafika Jumamosi ya wakwe. Uani kwa Gustave palitandikwa viti, hema likafungwa, mbuzi wawili wakapikwa kwa mchuzi na wa tatu akachomwa, na maini yakawekwa kwenye sahani ya peke yake kwa ajili ya wakubwa. Saa saba pikapu ya Koboko ikaingia. Walishuka watu kumi na wawili waliovalia vizuri, na nyuma yao zikashushwa sufuria tatu zenye vifuniko vilivyofungwa kwa kamba. Zikapangwa kando ya ukuta. Kila mtu alijifanya hazioni.

Lado hakutaka hata soda. "Matokeo kwanza," alisema.

Stella alikuwa amekuja na hadubini. Akaiweka mezani katikati ya chupa, akawasha taa yake, akaweka kioo. "Mzee, njoo uone Meja."

Lado akainama, akafumba jicho lisilohusika kisha lile linalohusika, akarekebishwa, akatazama.

"Naona madoa ya kahawia," alisema mwishowe, sauti imemwishia.

"Ndiyo yenyewe. Iko kwa tezi zake zote. Sawasawa na mbuzi ya Papa Gustave."

"Meja?"

"Meja."

Hesabu ikaanza kupita vichwani mwa wageni. Wote kumi na wawili walikuwa wamemla Meja. Mjomba mmoja alilegeza mkanda. Mwingine akatema mate pembeni, siku kumi na mbili akiwa amechelewa. Lemi, bwana harusi mtarajiwa, aliyenyonya mifupa ya mgongo mpaka ikawa myeupe, alimtazama Sephora kama mtu anayesafiri. Na mjinga mmoja wa upande wa Gustave akacheka, na hapo nusura kuwe na vita.

"Nyamaza!" Ilikuwa sauti ya Hajati Rehemah, na watu wa pande zote wakanyamaza. Akamgeukia Stella. "Mutoto wangu. Hiyo kitu iko kwa mbuzi ya Arua, na kwa mbuzi ya Lobule. Na kwa mutu?"

"Kwa mtu pia, Hajati. Mimi iko nayo, wewe uko nayo. Mzee Lado iko nayo."

Lado akajishika kifua.

"Tangu lini?" akauliza Rehemah.

"Tangu tumboni mwa mama. Sikiliza, Hajati. Seli ni kitu kidogo sana, na mwili yote imejengwa na seli. Sasa seli itajuaje wakati wa kukua, au kuponya kidonda? Lazima iambiwe. Na ili iambiwe, lazima iwe na sikio. Hiyo kitu ya kahawia ni sikio. Usipokuwa nayo hukui, hata kuzaliwa huzaliwi. Tunaiita ya kansa kwa sababu tuliijua sana kwa wagonjwa. Kwa kansa nyingine seli inaota masikio mengi mno, mamia, na inasikia 'kua, kua' wakati hakuna mtu amesema. Kuna dawa ya kuziba hayo masikio. Mimi nilitaka tu kujua: tukiziba, na hizi tezi nzima zitasikiaje? Ndiyo kazi yangu yote. Sikumshtaki mbuzi ya mtu."

Lado akainuka taratibu. Kulikuwa na kitu kimemwingia, na kilimpendeza.

"Nimeelewa," alisema. "Nyinyi raia hapana elewa, mimi nimeelewa. Kila askari lazima asikie amri. Asiyesikia si askari. Sisi kambini tulikuwa na mmoja, koplo, huyo alisikia amri ambayo hakuna mutu ametoa. Tumepumzika, yeye anatembea kushoto-kulia. Tunakula, yeye anachimba handaki. Alichimba mpaka chini ya jiko, jiko likaanguka ndani. Huyo ndiyo kansa! Lakini sisi wengine tulikuwa na masikio, na kambi yetu ilibaki salama." Akapiga meza. "Meja alikuwa mzima. Alikuwa anasikia vizuri tu."

Watu wakapiga makofi, kwa Meja zaidi kuliko kwa sayansi. Yule mjomba akafunga tena mkanda wake, kisha akakumbuka sababu ya safari akaulegeza upya. Lado, mtu wa neno lake, akatamka kwamba sufuria za Koboko zibaki na kamba zake na za Gustave zifunguliwe. Maji ya kunawa yakapitishwa. Sahani zikajaa. Sephora alipita na mchuzi, na Lemi akamwangalia sasa kama mtu anayekusudia kubaki.

Ingekuwa imekwisha hapo, kama si macho ya Rehemah.

"Baba Sephora," aliita. "Wewe mbona hauli?"

"Mwenye nyumba anakulaka nyuma, Hajati."

"Kwangu Lobule ulikuwa mugeni, na hukula. Hapa ni mwenye nyumba, hauli. Unauza nyama na hauli nyama. Unajua nini ambayo sisi hatujui?"

Mikono ikasimama njiani. Vipande viliganda kati ya sahani na midomo, na watu kumi na wawili wa Koboko wakamgeukia Gustave pamoja. Macho ya Sephora yalimsihi. Kipande kimoja tu, baba. Gustave alichukua ini moja kutoka sahani ya wakubwa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, akalifikisha hadi mdomoni, kisha akalirudisha sahanini. Aliona harusi ya mtoto wake inamponyoka mbele ya watu, na hakuwa na uongo wowote wa kuikamatia. Basi akasema kweli.

"Mama wa Sephora alikufa na kansa," alisema. "Bote munajua. Lakini hamujui kama mimi nilikuwa namulisha maini. Kila mbuzi ya kwanza. Miaka makumi mbili, mimi mwenyewe, na hii mikono. Mwalimu aliposoma ile karatasi..." Alimgeukia Stella, na hapo swali likatoka, jepesi na la kitoto. "Niambie mbele ya hawa batu, mademoiselle. Mimi ndiyo nilimuua?"

Stella alivua miwani.

"Hapana, Papa Gustave. Hapana kabisa. Hiyo kitu haihami kutoka kwa sahani kuja kwa titi. Ukiikula, tumbo inaivunja kama nyama nyingine yoyote. Masikio ya Mama Laetitia yalikuwa yake, alizaliwa nayo. Seli zake ziliharibika, na hakuna mtu alizilisha kuharibika. Si wewe."

Gustave aliitikia kwa kichwa, mara mbili, tatu, kama mtu anayeambiwa njia na hajaamini bado. Alitaka kuamini. Ilikuwa wazi kwamba anataka, na kwamba neno la kitabu, hata zuri namna ile, lilikuwa dogo mbele ya miaka ishirini ya majani ya mgomba.

"Baba," Sephora akasema.

Alikuwa amesimama na bakuli la mchuzi mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyekamatwa.

"Baba, Mama hakuyala."

"Hakula nini?"

"Maini. Hakuwahi kula hata moja. Alikuwa hawezi kuvumilia harufu yake. Ukishatoka tu, ananiita jikoni ananipa mimi, anakaa mlangoni kuchungulia kama unarudi."

Gustave alimkodolea macho. "Lakini nilikuwa namuuliza! Kila siku ninamuuliza, Laetitia, ilikuwa tamu? Anajibu tamu sana!"

"Mimi nilikuwa namwambia ladha yake, ili apate cha kukujibu."

"Miaka makumi mbili?"

"Kabla yangu sijui alimpa nani. Mimi ni tangu nilipoota meno."

Wageni wote walimgeukia Sephora, wakampima kuanzia viatu hadi kilemba: binti mrefu, mabega mapana, mashavu yamejaa, anayeshika bakuli la watu kumi kwa mkono mmoja bila kulihisi. Hajati Rehemah akatikisa kichwa kwa kuridhika sana.

"Lemi," alisema, "mwanamuke ni huyu. Wewe ndiyo uanze kula maini, upate kumufikia."

Kicheko kilichopasuka pale kilisikika hadi barabarani, na Lado alipiga meza mpaka hadubini ikaruka. Gustave peke yake hakucheka bado. Alikuwa akimtazama binti yake.

"Kwa nini hakuniambia? Ningemupa kitu ingine. Ningemupa figo!"

"Nilimwuliza," Sephora akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Alisema hawezi. Alisema ulikuwa unaingia mlangoni na ule uso."

Gustave akafunika uso huo kwa aproni, mabega yakamcheza, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka, naye nadhani hakujua. Watu wakamwacha. Alipoiteremsha aproni, macho yalikuwa mekundu. Akalichukua tena lile ini, akalinusa kwa makini, mchinjaji mwenye miaka thelathini kazini, mara ya kwanza kulinusa kwa pua ya Laetitia.

"Kweli inanuka," alisema, akaanza kula.